Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Hasira ni Shahidi, Siyo Kadhi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Alhamdulillah, tumefika siku ya 18. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na awape shifaa wagonjwa wetu.

Somo la leo ni refu kidogo. Kama unaweza, lisome baada ya kufuturu, usilisome ukiwa na njaa. Sababu utaiona huko mbele.

*Nianze na kosa langu*

Mwaka jana nilimkopesha mdogo wangu wa tumbo moja shilingi 1,200,000. Yeye ni mvuvi wa dagaa, yuko mwaloni upande wa Buchosa, na alikuwa anaongezea fedha za injini ya mtumbwi. Tulikubaliana arudishe Januari, watoto wanapofungua shule. Januari ikapita. Kila nikipiga simu ananiambia mbalamwezi inawaka, dagaa hakuna, nisubiri giza lirudi. Giza likarudi, hela hazikurudi.

Siku ya 3 ya Ramadhani hii, saa 11:30 jioni, natoka sokoni koo limekauka, jamaa mmoja akaniambia: "Mdogo wako mambo yake safi, juzi nimemwona anapakia mabati mapya." Basi. Sikuuliza mabati mangapi, ya nani, ya kazi gani. Nilitoa simu pale pale barabarani, nikarekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne, nikautuma kwenye grupu la familia. Mama yetu yumo humo. Mashemeji wamo. Nilimwita mwizi. Nikasema asikanyage kwangu, na hata nikifa asije kunizika.

Baada ya adhana nilifuturu, nikanywa uji, nikala viazi, nikaswali Magharibi. Kisha nikausikiliza ule ujumbe wangu mwenyewe. Ndugu zangu, sikuitambua ile sauti. Nilitaka kuufuta, lakini watu 11 walikuwa wameshausikiliza, na mama akiwemo.

Mabati yalikuwa ya kweli. Upepo wa mvua ulikuwa umeezua chumba wanacholala watoto wake, akachukua mabati dukani kwa mkopo. Deni langu nalo lilikuwa la kweli, na alikosea kunificha hali yake. Kwa hiyo hasira yangu haikuwa imesema uongo. Palikuwa na deni, na palikuwa na ahadi iliyovunjwa. Kosa langu ni kwamba niliiacha hasira itoe hukumu.

*Shahidi na kadhi*

Mnajua kwenye baraza la kesi kuna shahidi na kuna kadhi. Shahidi anasema alichokiona. Anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini ameona upande mmoja, tena pengine kwa mbali. Kadhi kazi yake ni kumsikiliza, kuwasikiliza na wengine, kisha ndipo aamue. Ukimfukuza shahidi, haki inapotea. Na ukimpa shahidi kiti cha kadhi, haki inapotea vilevile.

Hisia zetu ni mashahidi. Hasira inashuhudia kwamba kuna haki imeguswa. Woga unashuhudia kwamba kuna hatari. Huruma inashuhudia kwamba kuna mtu anaumia. Huzuni inashuhudia kwamba ulichokipoteza kilikuwa na thamani. Wote hawa wasikilizwe. Ila hakuna hata mmoja aliyefundishwa kuhukumu.

Sahaba Abu Bakra, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na mtoto wake aliyekuwa kadhi huko Sijistan. Alimwandikia barua kumkumbusha aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba hakimu asihukumu baina ya watu wawili akiwa amekasirika. Hadithi hii ipo kwa Bukhari na Muslim. Angalieni vizuri: hakimu hakuambiwa kwamba kukasirika ni dhambi. Ameambiwa asihukumu katika hali hiyo. Hasira ipo, hukumu isubiri.

Wanazuoni wa fiqhi, na sisi wafuasi wa Imam Shafii tukiwemo, wakaliendeleza jambo hili kwa kiasi. Wakasema kadhi pia asikae kuhukumu akiwa na njaa kali, kiu kali, usingizi mzito au huzuni kubwa, kwa sababu vyote hivyo vinaivuruga akili kama hasira inavyoivuruga. Sasa jiulize: sisi tuliofunga, saa 11:30 jioni, tuna lipi kati ya hayo? Tuna njaa, tuna kiu, na usingizi wa daku haujaisha. Ndiyo maana Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha aliyefunga kwamba akitukanwa au akichokozwa ajibu kuwa amefunga. Neno hilo unamwambia mwenzako, lakini unajiambia na wewe pia: leo mimi siyo kadhi.

*Akili inapogeuka kuwa wakili*

Kuna jambo la pili nililojifunza usiku ule, na naona ni la hatari zaidi.

Baada ya kutuma ule ujumbe, akili yangu haikulala. Ilifanya kazi kwelikweli! Ikanikumbusha mwaka aliouza ng'ombe wa marehemu baba bila kuniuliza. Ikanikumbusha harusi ambayo hakuchangia. Ikapiga hesabu za injini na mafuta, ikapata kwamba hela alikuwa nazo. Nikajiona nafikiri kwa kina. Kumbe hukumu nilikuwa nimeshaitoa jioni, na usiku huo nilikuwa nazunguka kuitafutia ushahidi. Akili yangu ilikuwa imeajiriwa na hasira kuwa wakili wake.

Hivi ndivyo tulivyo wanadamu wengi. Tunadhani tunafikiri kwanza, halafu tunaamua. Mara nyingi moyo umeshaamua, na akili inaitwa baadaye kuupamba uamuzi. Na mtu mwenye akili nyingi hayuko salama zaidi, maana wakili hodari anaweza kuitetea hata kesi mbovu.

Nitoe mfano wa kwetu, na ni mfano mchungu. Kwa miaka mingi katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, Mwanza, Geita, Shinyanga na Simiyu, vikongwe wetu wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao ni akina mama. Tazama jinsi jambo linavyoanza. Mtoto amefariki, au ng'ombe wamekufa. Huzuni ni ya kweli, hakuna wa kuibeza. Huzuni inazaa swali: nani amefanya hivi? Angalia swali lenyewe, tayari limeshaamua kwamba yupo mtu aliyefanya. Mganga anapiga ramli chonganishi, anaelekeza upande fulani. Hapo akili inaanza kazi ya uwakili. Bibi yule alipita hapa juzi. Bibi yule hakulia msibani. Na bibi yule ana macho mekundu.

Macho mekundu! Mama amepika miaka hamsini kwenye kijumba kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi, na pale miti ilipokwisha amepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi umemla macho akiwapikia ugali watu hao hao. Leo yale macho yamegeuzwa ushahidi wa kumuua.

Wauaji hao hawakukosa akili ya kufikiri. Walifikiri, walipanga, walikusanya "ushahidi". Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusimama na kuuliza: tumejuaje? Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mola wetu anatuamrisha tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya kwamba anayemwendea mpiga ramli kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Kadhi wa namna hiyo hatumtaki hata mlangoni.

*Je, tuizime mioyo?*

Labda mwingine atasema: basi dawa ni kuua hisia, mtu awe kama jiwe, aamue kwa akili tupu. Hapana, ndugu yangu.

Yupo daktari bingwa wa ubongo, Antonio Damasio, mzaliwa wa Ureno aliyefanya kazi Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 alieleza habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot. Mtu huyu alikuwa na kazi nzuri na familia. Akapata uvimbe ndani ya kichwa, sehemu ya mbele, akafanyiwa upasuaji uvimbe ukatolewa, na sehemu ya ubongo iliyokuwa imeharibika ikaondolewa. Akapona. Walipompima akili walikuta iko vizuri, kumbukumbu nzuri, hesabu nzuri, lugha nzuri. Lakini alikuwa hahisi kitu. Alisimulia misiba yake mwenyewe kama anayesimulia ya mtu baki.

Sasa mtu wa akili tupu kama huyu si angekuwa mwamuzi bora kuliko wote? Ilikuwa kinyume. Alishindwa hata mambo madogo. Angeweza kukaa muda mrefu akijadili apange karatasi zake kwa namna gani, huku kazi yenyewe inamsubiri. Kila njia ilikuwa na faida zake na hasara zake, na hakuna kitu ndani yake cha kumwambia hili ni zito, lile ni jepesi. Akapoteza kazi, akapoteza mali, ndoa ikavunjika. Kadhi alikuwepo, lakini hakuwa na mashahidi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111 Miladia, alikuwa ameligusa jambo hili kwa mfano wa mwindaji. Akili ni mpanda farasi, matamanio ni farasi wake, hasira ni mbwa wake wa kuwindia. Mwindaji hodari mwenye farasi aliyefundwa na mbwa aliyefunzwa atarudi na kitoweo. Farasi akiwa mkaidi na mbwa akiwa mkali asiyesikia, mwindaji anaangamia. Lakini na mimi nawauliza: mwindaji asiye na farasi wala mbwa atafika wapi? Ghazali mwenyewe hakusifu moyo usiokasirika kabisa. Mtu asiyekasirika akiona yatima anadhulumiwa shamba hana subira huyo, amepungukiwa.

*Hata huruma inahitaji mwenzake*

Pengine unasema hasira na woga sawa, lakini huruma haina ubaya. Wazee wa hapa mnakumbuka Mei 21, 1996. MV Bukoba ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Tulipoteza ndugu zetu zaidi ya 800, na wengi wao wamelala kule Igoma. Allah awarehemu.

Meli ile haikuzama yote mara moja. Ilielea kifudifudi, tumbo lake likiwa juu ya maji, na ndani walikuwemo watu hai. Likatobolewa tundu kwenye bati ili watolewe. Lakini kilichokuwa kinaielesha ile meli ni hewa iliyobanwa humo ndani. Tundu lilipofunguka hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikaenda chini na waliokuwemo.

Silisemi hili kumlaumu mtu. Yeyote kati yetu angesikia binadamu anagonga bati kutoka ndani angepiga kelele ile ile: toboeni! Huruma ilishuhudia kweli tupu, kwamba mle ndani mna watu. Lakini huruma haijui habari za hewa na maji. Hilo linajulikana kwa elimu, na elimu inatakiwa iwepo kabla ya siku ya msiba, maana siku yenyewe hakuna muda wa kuitafuta. Mama anayemnywesha mtoto dawa ya jirani kwa sababu hawezi kumwona anateseka, huruma yake ni ya kweli. Mtoto bado anahitaji zahanati.

*Ushauri wa Ummu Salama*

Mwaka wa 6 Hijria, Waislamu walitoka Madina na nia ya Umra. Walizuiwa Hudaibiya. Mkataba ukaandikwa ambao kwa macho ya masahaba wengi ulikuwa wa kuwadhalilisha: warudi bila kuiona Kaaba. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaamuru wachinje wanyama wao na wanyoe. Hakuna aliyeinuka. Akarudia mara tatu. Hawa walikuwa watu wa imani, waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake, lakini huzuni ilikuwa imewafunga miguu.

Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, akamweleza. Bibi huyu hakusema wakaripiwe, wala hakusema wahutubiwe upya. Alishauri Mtume atoke, asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo. Watu walipomwona wakainuka, wakachinja, wakanyoana, na kwa jinsi majonzi yalivyokuwa makali walikaribia kuumizana.

Angalieni hekima yake. Alijua moyo uliojaa haupokei maneno zaidi, lakini unaweza kufuata kitendo. Huzuni haikwisha siku ile. Masahaba walitii huku wanaumia. Kuamua vizuri hakungoji mpaka moyo utulie kabisa, kunataka tu asiyekaa kwenye kiti cha kadhi ashuke. Na Mtume mwenyewe, aliye bora wa viumbe, alisikiliza ushauri wa mtu wa pembeni ambaye moyo wake wakati ule uliona wazi. Sisi ni nani tuamue peke yetu usiku wa manane?

*Tufanye nini basi?*

1. Ichelewesha hukumu, usiifute. Jiambie: "Nitaliamua hili, lakini siyo sasa." Talaka, kuuza kiwanja, kumfukuza mtoto, kutuma ujumbe wa sauti: visiamuliwe kati ya Alasiri na futari, wala usiku wa manane.

2. Badilisha hali ya mwili. Tumefundishwa kwamba aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipoondoka alale. Imepokewa pia kutia udhu. Mwili ukitulia, shahidi anaacha kupiga kelele na anaanza kusema.

3. Mhoji shahidi. Umeona nini hasa? Umeona kwa macho au umesikia sokoni? Kuna maelezo gani mengine ya jambo hilo hilo? Mabati yanaweza kuwa starehe, na yanaweza kuwa paa la watoto.

4. Mchunguze wakili. Jiulize: natafuta ukweli, au natafuta sababu za nilichokwisha kukiamua? Dalili ni hii: kama kila unachokumbuka kinamtia hatiani mtu yule yule, wakili yuko kazini.

5. Tafuta Ummu Salama wako. Mtu mmoja mcha Mungu ambaye haumii na jambo lako kama unavyoumia wewe. Anaweza kuwa mkeo, mumeo, shangazi, au ustadhi. Kisha swali istikhara. Na istikhara isiwe ya kumwomba Mungu apige muhuri kwenye hukumu yako.

*Nimalizie nilipoanzia*

Mdogo wangu bado hajaja. Nilituma ujumbe wa kuomba radhi kwenye grupu lile lile, kwa sababu aliyetukanwa hadharani hasafishwi faraghani. Nimempigia mara mbili, hakupokea. Simlaumu. Jana mama aliniambia kwa upole: "Mwanangu, hela atakulipa. Ile sauti yako ataisikia mpaka lini?" Sikuwa na jibu.

Jumapili, inshaallah, nitapanda bodaboda mpaka mwaloni kabla ya Magharibi, nimebeba tende na michembe. Deni sitalitaja siku hiyo. Silifuti, maana ni haki na watoto wangu wana ada. Ila lina siku yake, tukiwa tumeshiba wote wawili, na mtu mzima wa tatu akiwa amekaa katikati yetu. Niombeeni apokee salamu.

*Kazi ya leo:* kumbuka uamuzi mmoja unaokusubiri na unaokuchemsha moyo. Andika kwenye karatasi mistari miwili tu: hisia yangu inashuhudia nini, na nini bado sikijui. Usiamue leo. Futuru kwanza, swali Tarawehe, lala. Kesho isome tena karatasi yako.

Ee Mola wetu, tupe mioyo inayoumia panapostahili kuumia, na akili inayosikiliza kabla ya kuhukumu. Wasamehe wazee wetu na walinde vikongwe wetu. Warehemu waliozama katika ziwa hili. Waunganishe ndugu waliokatana, na uanze na sisi. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Mtumie na ndugu yako somo hili, hasa yule mliyenuniana. Tukutane kesho inshaallah, siku ya 19.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.